Muuguzi anayetaka kupanda: masomo gani yatamrudisha kwa mgonjwa?

Mwaka mpya wa masomo unapokaribia, wauguzi wengi wa Butembo na Beni wanapiga hesabu. Mwenye A2 anataka A1, mwenye A1 anatafuta A0, na nyumbani kuna shamba la kakao ao butiki ndogo itakayolipa minervali. Swali la kwanza ni bei. La pili ni kama kuna masomo ya jioni, ili mtu asiache kazi. Kuna swali lingine ambalo halisikiki sana: nikimaliza, nitarudi kwa mgonjwa ao nitakaa ofisini?

Tunaliuliza kwa sababu huku kwetu muuguzi ndiye daktari wa watu wengi. Madaktari wa zone ya afya wako hasa kwenye hospitali kuu. Kituo cha afya cha kijijini kinaongozwa na muuguzi titulere, yule tunayemwita IT. Yeye ndiye anapima, anatafuta ugonjwa, anaandika dawa, na kuamua nani apandishwe piki kwenda hospitali na nani abaki. Siku ambayo barabara imefungwa kwa sababu ya risasi, hana pa kumpeleka mtu. Mkononi ana ordinogramu, na kwa watoto ana PCIME, zinazomwongoza hatua kwa hatua. Ni vyombo vizuri. Lakini akiingia mama mwenye mimba, kisukari na presha kwa pamoja, karatasi inaisha kabla ya ugonjwa.

Marekani iliwahi kuwa na shida inayofanana na hii. Mwaka 1965, kwenye Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza kufundisha wauguzi kupima na kutibu watoto mahali ambapo daktari hakufika. Leo kazi hiyo ina cheo chake, sheria zake na masomo ya masta. Kwetu kazi ipo tangu zamani. Cheo na masomo ndivyo vinavyokosekana.

Tazama A0 ambazo wengi wanachagua: EASI, yaani kufundisha na kusimamia uuguzi, ao afya ya jamii, ao usimamizi wa hospitali. Hatuzidharau. Bila walimu, ITM zetu zingefungwa. Na wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu 2.287, watu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba, wengine wakifukuzwa kwa mawe. Lakini njia hizi zote zinamwondoa mtu mbele ya kitanda. Familia inauza kakao, muuguzi hodari anasoma, halafu kijiji kinampoteza.

Mpango wa LMD, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, umefungua mlango, ingawa umechanganya majina. Miaka 3 iliyoitwa graduat leo inaitwa licence, na masta ni miaka 2 juu yake. Mwenye A1 ya zamani aulize, na ajibiwe kwa maandishi kabla hajalipa hata franga moja, ataingizwa mwaka gani. Aulize pia saa ngapi za staji zitakuwa kwa wagonjwa, na nani atamsimamia pale. Chuo kinachomwonyesha orodha ya kozi tu, sisi tungekiogopa. Anayevuka Kasindi kwenda kusoma Uganda ajue kwamba diploma ya huko lazima itambuliwe na Kinshasa, na kwamba wauguzi wana Ordre yao, iliyoundwa kwa sheria ya Julai 2016.

Butembo ina fakilite ya udaktari kwenye Université Catholique du Graben, na hospitali kama Kitatumba na Katwa. Masta ya muuguzi anayetibu ingeweza kuanzia hapo na wanafunzi wachache, kila mmoja akifanya sehemu ya staji kwenye kituo chake mwenyewe, daktari akimfuatilia kwa simu na kwa kumtembelea. Lakini wakubwa wa afya waseme wazi, na waandike, kwamba atakayemaliza atabaki kituoni na atalipwa kwa cheo hicho. Wasipoandika, hata sisi tutamshauri ndugu yetu achague EASI.