Mfanyakazi Hanunui Nyumba, Anajenga



Katika matawi yetu ya miwa, ya chai na ya viwanda kuna swali linaloulizwa sana. Watu wanasema: wenzetu wa Kenya wamewekewa na serikali yao nafuu ya kodi kwa mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza, sisi wa Uganda tunangoja nini? Wengine wanataka chama kiandike barua serikalini kudai nafuu hiyo hiyo, kama ilivyo. Nafuu naitaka. Hilo la "kama ilivyo" ndilo ninalolipinga, kwa sababu ikija kama ilivyo haitamfikia mkata miwa.

Tuitazame vizuri. Kenya, mtu aliyekopa benki ili anunue nyumba ya kukaa mwenyewe huruhusiwa kuitoa riba ya mkopo huo katika mapato yake kabla hayajakatwa kodi. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 300,000 za Kenya kwa mwaka, kikapandishwa kuwa 360,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Tena anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Ukiyasoma hayo gazetini utapiga makofi.

Sasa tufanye hesabu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu hii haihitaji kupita hapo. Mwenye mshahara mkubwa, ambaye shilingi zake za juu hukatwa kodi asilimia 30, akilipa riba ya 30,000 kwa mwezi atabaki na 9,000 ambazo zingekwenda serikalini. Tumchukue na mchuma chai wa 15,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyotumika Kenya mwaka 2023, kodi yake ni asilimia 10, yaani 1,500, na kila mfanyakazi ana msamaha wa 2,400 kwa mwezi. Basi halipi kodi ya mapato hata senti moja. Utampunguziaje mtu kodi ambayo halipi? Na benki gani ingemkopesha? Nchi nzima ya Kenya, yenye waajiriwa rasmi zaidi ya milioni 3, ilikuwa na mikopo ya nyumba ya benki karibu 30,000 tu mwaka 2023.

Lakini wakati wa kuchanga, mchuma chai huyo hakusahauliwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta tozo ya nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara wote wa mfanyakazi, na mwajiri naye atoe asilimia 1.5. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema tozo hiyo inavunja katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa iendelee kukatwa. Machi 2024 Rais William Ruto akatia sahihi sheria mpya na makato yakarudi. Wa 15,000 hukatwa 225 kila mwezi. Wa 200,000 hukatwa 3,000, lakini tangu mwisho wa Desemba 2024 tozo hiyo nayo hutolewa katika mapato kabla ya kodi, kwa hiyo yeye huokoa 900 katika kodi yake. Mchuma chai haokoi kitu.

Shirikisho la wenzetu, COTU, mwaka 2018 lilikwenda mahakamani kuzuia tozo ya namna hiyo hiyo, na mwaka 2023 likaiunga mkono. Sina haja ya kuwahukumu. Nyumba zimejengwa, mafundi wamepata vibarua, na Mei 2025 watu walikabidhiwa funguo Mukuru, karibu na viwanda vya Nairobi. Mtu aliyetoka kwenye kibanda cha mabati akaingia ghorofani, tusimdharau. Ila mchuma chai wa Kericho alichangia ghorofa hilo pia, na yeye anakaa nyumba ya kampuni ambayo ataiacha siku atakapostaafu.

Nafuu inaweza kutengenezwa kwa namna nyingine. Mwaka 2009 Marekani ilitoa nafuu kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, asilimia 10 ya bei ya nyumba lakini isizidi dola 8,000, na ambaye kodi yake ilikuwa ndogo kuliko nafuu alilipwa fedha taslimu kilichozidi. Hapo hata mwenye kipato kidogo alipata chake. Hata hivyo ilimbidi kwanza anunue nyumba.

Na hapo ndipo sisi tunapokwama. Ndugu zangu, nani kati yetu ananunua nyumba? Mfanyakazi wa Uganda ananunua kibanja. Mwaka huu anafyatua matofali, mwaka ujao anaweka msingi, mvua inanyesha juu ya kuta miaka mitatu, halafu anapata mabati. Wenye vibanja kwenye ardhi ya mailo hawana hati, wanalipa busuulu kwa mwenye ardhi. Sheria ya ardhi ya 1998 inawalinda wasifukuzwe ovyo, lakini benki inataka hati. Ukimsamehe mtu huyo ushuru wa stempu wa kuhamisha hati, umemsamehe nini?

Kodi ya nyumba yake ameilipa dukani. Saruji, mabati, nondo, misumari, yote yana VAT ya asilimia 18 ndani ya bei. Ukitoa shilingi 118,000, basi 18,000 ni za serikali. Ukitumia shilingi 5,900,000 mpaka kuezeka, umelipa kodi 900,000. Mtu ambaye mshahara wake haufiki hata kiwango cha kukatwa kodi ya mapato amelipa laki tisa kwa ajili ya vyumba viwili, wala hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo nafuu ninayotaka tuidai ni hii: mfanyakazi anayejenga nyumba yake ya kwanza arudishiwe VAT ya vifaa vya ujenzi, mara moja katika maisha yake, na iwekwe kikomo ili mwenye kujenga jumba la ghorofa tatu asije akafaidi kuliko sisi. Wengine watapendekeza VAT ya saruji ifutwe kabisa. Siamini. Bei itashuka wiki mbili, kisha mfanyabiashara ataipandisha na kuimeza ile tofauti. Fedha zirudishwe mkononi mwa aliyejenga, kwa risiti, na zipitie namba yake ya NSSF, maana huko jina lake na mshahara wake vinajulikana. Tangu sheria ya 2022, mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Wengi tumewaona wakienda nayo moja kwa moja kununua mabati. Tuseme wazi kwamba ni akiba ya uzee inayofanya kazi ya mshahara usiotosha.

Kuna tatizo moja kubwa. Vibarua wengi wa kukata miwa hawana namba ya NSSF kwa sababu waajiri hawawapeleki, ingawa sheria hiyo ya 2022 inamtaka kila mwajiri achangie, awe na wafanyakazi wachache au wengi. Tukidai nafuu kwa namba ya NSSF bila kudai vibarua waandikishwe, tutakuwa tumewafanyia yale yale ya Kenya. Madai haya mawili yaende katika barua moja.

Kabla ya barua hiyo kuandikwa, nawaomba makatibu wa matawi wafanye kazi. Andikeni kila mwanachama anayejenga: ameanza mwaka gani, amefika wapi, msingi, kuta au paa, na ametumia kiasi gani dukani. Wenye risiti wazilete zinakiliwe. Asiye na risiti aandikwe vilevile, na jina la kituo alikonunua liwekwe pembeni. Kibarua asiye na NSSF awekewe alama mbele ya jina lake, pamoja na miaka aliyofanya kazi hapo.