Paja Linalosubiri Karatasi

KUTOKA MWALONI
Na Ng'wana Sangara

Jumanne nilimwona kijana akivuja damu juu ya benchi huku akidaiwa karatasi. Sijatulia mpaka leo, wala sina mpango wa kutulia.

Kijana ni wa bodaboda. Alitoka Nkome alfajiri na magunia ya dagaa, akakutana na lori. Paja limepasuka, wenzake wamelifunga kwa khanga ya mama muuza maandazi. Walimfikisha saa 3:15 asubuhi kwenye kituo cha afya ambacho sikitaji, hata mkinihonga sangara mzima. Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya goti langu linaloniuma. Mhudumu wa mapokezi hakuinua uso.

"PF3 iko wapi?"

"Mwanangu, huyu atakufa hapa."

"Baba, utaratibu ndio huo. Nendeni polisi."

Nikapanda baiskeli yangu ya Phoenix, ile ambayo breki zake ni viatu vyangu. Polisi wakasema fomu za PF3 zimeisha, imebaki moja ya kutolea kopi. Steshenari hakuna umeme. Mwenye duka, Mungu ambariki, akatafuta petroli, akawasha jenereta kwa ajili ya kopi moja ya shilingi mia mbili. Huyo ndiye mtumishi wa umma pekee niliyekutana naye siku hiyo, na hana hata ajira ya serikali.

Njiani nikaisoma ile fomu. Jamani! Kuna sehemu nzima ya daktari: aeleze jeraha likoje, limesababishwa na nini, ndipo karatasi irudi polisi iwe kielelezo mahakamani. Ataelezaje jeraha ambalo amekataa kulitazama? Fomu ndiyo inayolihitaji paja. Paja linahitaji uzi na sindano. Lakini wahudumu wanaogopa. Karatasi humlinda aliyeishika, na mgonjwa hajawahi kumlinda mhudumu yeyote kwa bosi wake.

Sisi wa ziwani tusijifanye wageni wa mambo haya ya uhai kusubirishwa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Usiku ulipoingia uokoaji ukasitishwa mpaka asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, fundi mitambo akatolewa mle ndani akiwa hai. Waliokufa walikuwa 228. Mpaka leo nikilala najiuliza ni wangapi waliogonga bati usiku ule.

Nilirudi jasho likinitiririka, goti likilia kama mlango wa stoo. Mhudumu akaipokea kopi, akainyoosha kwa kiganja taratibu, kwa upole ambao kijana hakuwa ameuonja asubuhi yote. Akatazama saa ya ukutani, akafungua daftari, akaandika jina la mgonjwa, na mbele yake: *amefika saa 5:20.*