Breka Ikikata, Usiibadilishe kwa Kubwa

Safari hii swali limetoka kwa kijana wetu aliyeko Jeddah, msaidizi wa mafundi wa viyoyozi:

"Shikamoo mjomba. Kiyoyozi kikubwa kilicho juu ya paa la duka kinakatiwa umeme na breka kila siku kama saa saba mchana. Tukiirudisha breka, inakaa nusu saa inakata tena. Bosi anataka tufunge breka kubwa zaidi ili kazi iishe. Mimi naogopa."

Marahaba, mpwa wangu. Una haki ya kuogopa. Breka huchaguliwa kwa unene wa waya. Ukifunga ya amp 60 kwenye waya wa amp 40, siku mzigo ukizidi breka itatulia na waya ndio utakaoungua, ndani ya ukuta au juu ya dari. Na mara nyingi duka liko chini, familia zimelala juu.

Angalia kwanza breka inakata wakati gani.

Inakata papo hapo ukiirudisha: hiyo ni shoti. Usirudie tena. Tafuta waya uliochubuliwa na mtetemo, au kompresa iliyoungua ndani.

Inakata kompresa inapoanza kuwaka: inanguruma lakini haizunguki. Kwa mashine ya fezi moja, pima kapasita. Kwa ya fezi tatu, hakikisha zote tatu zinafika, kisha kagua kontakta.

Inakata baada ya muda, jua likiwa kali, kama hiyo yenu: mashine inavuta umeme kupita kiasi. Mara nyingi kondensa imeziba. Kwa wenzenu wa Riyadh ni vumbi la jangwa. Huko Jeddah vumbi hukutana na chumvi na unyevu wa bahari, likagandia kwenye mapezi na kuyala. Hewa isipopita, presha ya gesi hupanda na kompresa hutumia amp nyingi zaidi. Feni iliyochoka huleta yaleyale. Skrubu zilizolegea nazo hupata moto, na breka iliyo ndani ya sanduku la chuma juani hukata mapema.

Basi msipande paa saa hiyo. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, sheria ya Saudia inakataza kazi za juani kati ya saa sita na saa tisa mchana. Pandeni baadaye, joto bado litakuwapo.

Zimeni swichi kuu, mtie kufuli, mpime kuhakikisha hakuna umeme. Kapasita hubaki na chaji, iondoeni kwanza. Osheni kondensa kwa maji yasiyo na presha kubwa, kazeni skrubu. Washeni, mpime amp za kila fezi na kuzilinganisha na zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Zikiwa sawa na breka bado inakata, huenda breka ndiyo imechoka: wekeni mpya ya ukubwa uleule.

Namba hizo ziandike, umpelekee bosi pamoja na picha ya kondensa. Neno la msaidizi hupuuzwa kirahisi. Namba ni ngumu kuzipuuza.

Nanyi mnaokaa juu ya maduka: mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, tokeni na watoto kwanza, kisha pigeni 911. Namba hiyo inafanya kazi Riyadh na Jeddah pia.