Sarufi ya Kiingereza Isimame Juu ya Kiswahili

Msafiri aliyefika stendi ya Korogwe alfajiri, akiulizwa adhuhuri afanyalo pale, hujibu, "Ninangoja basi tangu alfajiri", na mkulima wa Handeni, akiyatazama mahindi yake yaliyonyauka, husema, "Mvua ingalinyesha, tungalivuna." Maneno hayo, mepesi kinywani mwa kila mtu, ndiyo yanayowatia taabuni wanafunzi wetu wa sekondari wanapotakiwa kuyasema kwa Kiingereza.

Maana Kiswahili humwachia mneni atumie wakati uliopo kwa jambo lililoanza zamani nalo lingali likiendelea, ilhali Kiingereza humdai aseme "I have been waiting". Basi mwanafunzi aandikapo "I am waiting since morning", hakukosa akili, bali ametii kanuni ya lugha iliyomlea. Hali kadhalika katika sentensi za masharti: Kiswahili hulinganisha pande mbili, -ngali- kwa -ngali-, na Kiingereza huzitofautisha, "If it had rained, we would have harvested", naye mtoto, kwa mazoea ya ulinganifu ule, hutia "would" huku na huku, akapata alama ya kosa kwa wino mwekundu, na aghalabu asielezwe sababu.

Mtoto huyo amesomeshwa kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi, kisha aingiapo kidato cha kwanza, katika shule nyingi hukatazwa hata kukitamka. Wako wanaodai kuwa kuzichanganya lugha kutakiharibu Kiingereza chake. Lakini katazo hilo hufunga kinywa tu, kwani moyoni mwake angali akifasiri. Mwaka 1944, Bibi E. O. Ashton alipowatolea wageni kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alivifafanua viambishi vyetu kwa Kiingereza, lugha waliyokwisha kuijua, wala halikuhesabiwa kuwa aibu. Kwa nini wana wetu wanyimwe insafu hiyo?

Kwa hiyo, rai yangu kwa walimu wa Handeni na Korogwe, na kwa vyuo vya ualimu vinavyowaandaa, ni kwamba kabla ya kuwakaririsha wanafunzi kanuni, waziandike ubaoni sentensi za lugha zote mbili sambamba, wawaulize zinapoafikiana na zinapoachana, ndipo wasahihishe. Mwanafunzi aliyeifahamu sababu ya kosa lake hujisahihisha mwenyewe, hata siku ambayo mwalimu hayupo.