Kabla ya Kupandisha Nyumba Juu



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki ameketi. Makuta aliyopokea mwaka jana alikuwa ameyatia katika chumba cha juu, chini ya mabati, ili wasichana wake watatu wapate pa kulala. Chumba kimekwisha, ngazi imewekwa. Siku chache baadaye watu wa Serikali wakapita na rangi nyekundu, wakachora msalaba ukutani. Sisi sote wa Bukavu tunajua maana ya msalaba ule: nyumba ibomolewe. Akatuuliza: « Nyumba ni yangu. Mbona niombe ruhusa juu ya kitu changu? »

Ulizo lake ni la wengi, basi tulijibu hapa.

Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na cheti cha uandikishaji. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa avenyu haitoshi. Tena, mwenye cheti naye anapaswa kupata ruhusa ya kujenga kabla fundi hajaanza. Wengi wanafikiri ruhusa ni ya nyumba mpya tu. Hapana. Kubadilisha bati lililotoboka ni kutengeneza. Kuinua ukuta na kuongeza chumba juu ni kujenga.

Lakini tuseme hata watu wa Serikali wasipite. Ukuta je? Wengi wetu tunakumbuka tetemeko la siku ya Mungu, tarehe 3 Februari 2008, namna kuta zilivyopasuka katika mji huu. Nyumba zetu zimeketi kwenye milima, na mvua inakula udongo chini ya misingi. Msingi uliochimbwa kwa kubeba mabati peke yake, leo tunaubebesha vitanda, sanduku na watoto. Na kama mbabula inawaka chini, na ngazi ni moja tu, moto ukishika watoto watashukia wapi? Plani inayochunguzwa na mtu aliyesoma kazi hiyo inauliza maulizo haya kabla ya msiba. Ndiyo faida ya kwanza ya ruhusa.

Basi, mama anayetaka kupandisha nyumba afanye hivi:

Kwanza, atazame karatasi za parseli: ziko kwa jina la nani, na zinapatana na mahali penyewe?

Pili, aende kwenye huduma ya Urbanisme ya komini yake, aulize ni karatasi gani zinazotakiwa na ni nani anayetia sahihi kwa nyumba ya namna yake.

Tatu, aite mtu anayejua kuchora plani, aje atazame msingi na kuta kwa macho yake.

Ine, asilipe pesa mkononi mwa mtu. Aombe karatasi ya malipo, alipe benki, achunge risiti.

Tano, asinunue hata mfuko mmoja wa simenti mbele ya kupata ruhusa yenye muhuri.

Tusisahau jambo la nyumbani. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyogeuza Sheria ya Familia, mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili afanye mambo mbele ya sheria. Mume na mke wanapaswa kupatana. Kama makuta ya likelemba ndiyo yanayojenga, mama ajue plani, aone risiti, na nakala zikae mahali anapopajua.

Mwenzetu tulimsindikiza komini, wawili wetu. Wamepokea karatasi zake, wamemwambia alete plani. Jibu bado. Kwa sasa wasichana wamerudi kulala chini, watatu kwenye godoro moja, na msalaba ungali ukutani.

Kwa hiyo kikundi chetu kimepatana: anayechukua likelemba kwa kujenga atatuonyesha kwanza karatasi ya ruhusa. Si kwa kumchunguza mwenzetu. Ni kwa sababu makuta yale ni jasho la sisi sote.

Vikundi vingine vizungumze jambo hili katika mkutano ujao. Tubaki na amani.