Bomba la Kupulizia Halisubiri Mwisho wa Msimu

Ndugu mkulima, wengi mnauliza bomba lisafishwe kila baada ya muda gani. Maoni yangu: usihesabu wiki wala mwezi. Lisafishe kila siku unapolitumia, kabla dawa haijakaukia ndani.

Hapa Kihesa bomba moja hupulizia dawa ya magugu kwenye mahindi, kesho linaingia kwenye nyanya. Masalia kidogo tu ya 2,4-D hukunja majani ya nyanya, nawe ukadhani ni ugonjwa au mbegu mbovu.

Suuza mara tatu: maji, maji ya sabuni, kisha maji tena, ukipiga pampu hadi yatokee kwenye nozeli. Fungua chujio na nozeli, uzioshe kwa brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Maji hayo mwaga pale pale ulipopulizia, kamwe si Ruaha Mdogo. Pampu ikianza kuwa nzito, paka mpira wake grisi kidogo, ile isiyoharibu mpira.

Nawe unayekodisha mabomba, tenga moja la dawa ya magugu pekee, ulipake rangi. Kununua bomba la pili ni nafuu kuliko kulipa matenga ya nyanya ya jirani.