Simu Iliyolipiwa Ifunguliwe

Dereva wa lori alalaye Kahama akiwa na shehena ya Kigali, kesho yake huvuka mpaka wa Rusumo. Akiendelea kutumia laini ya Tanzania, bei ya maongezi hubeba ada ya kampuni yake na ya ile iliyompokea ugenini. Kwa hiyo hununua laini ya Rwanda. Lakini ikiwa simu yake imefungwa kwa mtandao mmoja, laini hiyo itakataliwa, na simu itadai namba ya siri ambayo muuzaji hakumpa. Lori likiharibika porini usiku huo, atamwita nani?

Kuifunga simu iliyotolewa kwa mkopo kunaeleweka; deni ni deni. Lisiloeleweka ni kufuli kubaki baada ya shilingi ya mwisho kulipwa. Wapo watakaotaja usalama. Hoja hiyo haina nguvu: tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na simu bandia zilizimwa Juni 2016 kwa kutumia namba ya utambulisho ya kila simu, wala si kwa kufuli la mfanyabiashara.

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kupunguza gharama za simu baina yao, Tanzania haikuwamo. Wakati suala hilo la bei likishughulikiwa, Mamlaka ya Mawasiliano haina budi kuwaagiza wauzaji waifungue simu bila malipo siku deni linapokwisha, na sharti hilo liandikwe katika stakabadhi ya mauzo.